Hesabu na Bahati katika Poka ya Texas

Bahati hudhaniwa kuwa mfalme wa karata. Lakini tarihi ya poka ya Texas yaonyesha kuwa mfalme huyo ana waziri, naye ni hesabu. Mwaka 1976 David Sklansky, Mmarekani, alitoa kitabu kilichopanga kwa madaraja karata mbili za siri ambazo kila mchezaji hupewa. Jozi ya ree huja mara 1 katika 221. Kwa hiyo mwenye busara huziacha karata nyingi mapema. Karata tatu zikifunuliwa mezani, swali hugeuka: je, fedha iliyowekwa yastahili hatari? Mwenye shupaza nne, zikisalia karata mbili kufunuliwa, hupata ya tano takriban mara 35 kwa 100.

Mwaka ule ule Doyle Brunson alitwaa ubingwa wa dunia, Las Vegas, kwa 10 na 2, karata dhaifu. Mwaka 1977 akautwaa tena kwa 10 na 2. Je, hesabu ilitahayari? Hasha! Hesabu huhukumu michezo elfu, si mmoja. Basi mwanatarihi naye asipime busara kwa ushindi: mshindi aweza kuwa amekosea, na aliyeshindwa alitenda sawa.