Kiyunani: Lugha kongwe iliyotuachia kalamu, karatasi na herufi za irabu

Mfanyabiashara wa muguka anayeondoka Kiritiri kuelekea mjini Embu hulipa nauli, huandika hesabu zake kwa kalamu juu ya karatasi, na jioni huenda akanung'unikia kanuni za soko. Katika shughuli hizo ametumia maneno manne ambayo asili yake ni Kiyunani. Lugha hiyo haina uhusiano wa damu na Kiswahili wala na Kimbeere kinachozungumzwa pale Mbeere Kusini, lakini imewafikia wazungumzaji wa lugha zote mbili.

Wasomaji wa Biblia wamezoea kuiita Kiyunani, ilhali wengine huiita Kigiriki. Jina la kwanza lilitujia kupitia Kiarabu, nalo linatokana na Ionia, eneo lililokuwa kwenye pwani ya magharibi ya Uturuki ya leo. La pili lilipitia Kilatini. Wenyewe hawatumii lolote kati ya hayo: nchi yao ni Ellada na lugha yao ni Ellinika.

Kiyunani kimo katika familia kubwa ya lugha za Kihindi na Kizungu, lakini ndani ya familia hiyo kina tawi lake peke yake. Kimbeere kina ndugu wa karibu tele, yaani Kiembu, Kigikuyu, Kitharaka, Kimeru na Kikamba. Kiyunani hakina ndugu aliye hai wa kusikilizana naye. Wazungumzaji wake ni takriban milioni 13, wengi wao wakiwa Ugiriki na Cyprus.

Maandishi yake ya kale zaidi yana umri wa zaidi ya miaka 3,000. Ni vibao vya udongo vilivyopatikana katika kisiwa cha Krete na Ugiriki bara, na kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kuvisoma. Mwaka 1952 Mwingereza Michael Ventris, ambaye kazi yake ilikuwa usanifu wa majengo, aligundua kwamba lugha iliyomo ni Kiyunani. Waliotarajia mashairi walikuta hesabu za kondoo, mafuta na nafaka za wafalme. Falme hizo zilipoanguka karibu na mwaka 1200 K.K., mwandiko huo nao ulipotea.

Wayunani walikaa karne kadhaa bila maandishi. Katika karne ya nane K.K. hivi, walichukua herufi za Wafoinike, mabaharia wa pwani ya Lebanon ya sasa. Herufi hizo 22 zilikuwa za konsonanti tu. Lugha ya Wafoinike ilikuwa jamaa ya Kiarabu, na msomaji wake aliweza kukisia irabu kutokana na muktadha. Kiyunani hakikuruhusu makisio ya namna hiyo. Washairi wetu wa Pwani waliijua vyema taabu hii, kwani waliandika kwa hati ya Kiarabu, yenye alama tatu za irabu, lugha ambayo ina irabu tano.

Ufumbuzi wao ulikuwa rahisi ajabu. Baadhi ya herufi za Wafoinike ziliwakilisha sauti ambazo Wayunani hawakuwa nazo, kama ile ya kooni inayofanana na ain ya Kiarabu. Badala ya kuzitupa, walizipa kazi ya irabu. Hivyo zikapatikana alfa, epsiloni, eta, iota na omikroni. Ipsiloni nayo ilizaliwa kutokana na herufi ya w, na mwishoni wakabuni omega. Jumla zikawa herufi saba za irabu. Mwaka 403 K.K. mji wa Athens ulizipitisha rasmi, na alfabeti iliyotulia ikawa na herufi 24. Neno alfabeti lenyewe ni majina ya mbili za kwanza, alfa na beta. Herufi za Kilatini ambazo msomaji anazitazama sasa hivi ni wajukuu wake.

Hapa ndipo Kiritiri inapoingia. Kimbeere, kama Kiembu na Kigikuyu, kina irabu saba, ilhali alfabeti ya Kilatini ina herufi tano tu za irabu. Waliokuja kuziandika lugha hizi walikumbana na upungufu uleule wa Wayunani. Hawakuwa na herufi za kuazima, basi wakaweka kimstari cha mawimbi juu ya i na u: mũtĩ ni mti, mũndũ ni mtu. Alama hiyo si pambo. Katika Kigikuyu, ita ni kumwaga, na ĩta ni kumwita mtu. Hata hivyo, katika jumbe za simu na kwenye mabango alama hizo huachwa, na msomaji hurudi kwenye makisio ya Wafoinike.

Baada ya ushindi wa Aleksanda Mkuu, aliyefariki mwaka 323 K.K., Kiyunani kilienea kuanzia Misri hadi mipaka ya India. Kilipunguza ugumu wake kikawa lugha ya masoko na bandari, na ndicho kilichotumika kuandika Agano Jipya. Katika karne ya kwanza B.K. mfanyabiashara mmoja kutoka Misri aliandika kwa lugha hiyo mwongozo wa safari za baharini. Humo ameeleza pwani yetu, aliyoiita Azania, na soko la Rhapta. Hata mfalme Ezana wa Aksum, Ethiopia, aliandikisha ushindi wake juu ya mawe kwa Kiyunani pamoja na Kigeezi katika karne ya nne.

Maneno manne ya mfanyabiashara wetu, hata hivyo, yalipitia Kiarabu. Kalamos ulikuwa unyasi wa kuandikia, khartes ukurasa wa mafunjo, kanon fimbo iliyonyooka ya kupimia, na naulon malipo ya chomboni. Kwa njia hiyohiyo tulipata falsafa, almasi, askofu na Injili, ambayo asili yake ni euangelion, habari njema.

Nyumbani kwake, Kiyunani kiliendelea kuwa lugha ya dola ya Konstantinopoli hadi mji huo ulipotekwa mwaka 1453. Baada ya vita vya uhuru vilivyoanza mwaka 1821, wasomi waligawanyika: wengine walitaka lugha iliyosafishwa ifanane na ya kale, wengine walitaka ile inayosemwa na mama sokoni. Mwaka 1901 tafsiri ya Injili kwa lugha ya kawaida ilizua ghasia mjini Athens, na watu wanane wakafa. Lugha ya watu ilishinda rasmi mwaka 1976.

Miaka sita baadaye serikali iliondoa alama nyingi za kale zilizowekwa juu ya irabu na kubakiza moja ya mkazo. Eta, iota na ipsiloni zote hutamkwa i siku hizi, na mtoto wa Athens hukariri tu ipi inaandikwa wapi. Kati ya alama zilizoachwa mwaka 1982 imo moja ambayo mara nyingi huchapwa kama kimstari cha mawimbi, kinachofanana sana na kile cha mũtĩ. Ilionyesha mpando na mshuko wa sauti ambao masikio ya Wayunani yalikuwa yameacha kuusikia karne nyingi kabla. Sauti ambazo kimstari hicho huonyesha Kiritiri bado zinatamkwa kila siku.