Taa za mbele za magari: kiwango kilipotelea wapi?

Leo tuweke kompyuta kando kidogo, ingawa mtaona hatutakwenda mbali nayo. Nataka tuzungumzie historia ya taa za mbele, hasa za yale magari ya zamani yenye kitanda na jiko ndani. Huku milima ya Taita ukungu ukishuka, barabara ya kutoka Wundanyi kwenda Mwatate ni kona juu ya kona. Taa hafifu huko si suala la urembo.

Tuanze mwanzo. Magari ya zamani kabisa yalitumia gesi ya asetilini: maji yanadondokea kabidi, gesi inatoka, dereva anawasha kwa kiberiti! Mwaka 1912 Cadillac ikaleta gari lenye stata na taa za umeme. Lakini vumbi na unyevu viliendelea kupenya ndani ya taa, na kile kioo kinachoakisi mwanga kikafifia.

Mwaka 1940 Marekani ikaamua hivi: kila gari liwe na taa mbili za duara za inchi 7, zilizozibwa kabisa. Kioo, kiakisi na waya vyote kitu kimoja. Ikiungua, unatoa nzima na kuweka nyingine, iwe gari ni la kampuni gani. Sisi waandishi wa programu tunakijua kitu hicho: ni kiolesura kimoja ambacho wote wamekubaliana.

Ukubwa huo ulienea duniani. Land Rover ya Defender ilikuwa bado na taa za inchi 7 ilipoacha kutengenezwa mwaka 2016. Kombi za Volkswagen za miaka ya 1970 nazo zilikuwa nazo, zikiwemo zile ambazo kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ilizigeuza kuwa nyumba. Ukiwa na gari kama hilo, kupata taa si kazi.

Lakini kiwango nacho kina bei yake. Wakati sheria ya Marekani imeganda, Ulaya ilileta balbu ya halojeni mwaka 1962, kisha H4 yenye waya mbili mwaka 1971. Ni mwaka 1983 tu ndipo Marekani ilipolegeza sheria, na Lincoln Mark VII ya 1984 ikatoka na taa za umbo lake yenyewe.

Hapo ndipo plastiki ya polikaboneti ilipoingia. Ni nyepesi, haivunjwi ovyo na mawe, na hufinyangwa umbo lolote. Ubaya wake ni kwamba miale ya urujuanimno huila. Kiwandani hupakwa vanishi ya kuikinga. Vanishi ikichakaa, taa inageuka njano. Sasa angalia: balbu imebaki na kiwango, ila nyumba ya taa ni ya modeli moja tu. Sehemu isiyo na kiwango ndiyo jua linayoiharibu!

Kwenye magari ya kulala mambo ni magumu zaidi. Viwanda vyake vingi ni vidogo, hivyo huazima taa za magari ya kawaida. Kabla ya kuagiza mpya, soma namba nyuma ya taa. Huenda ni ya gari dogo linalojulikana. Taa ya Ulaya iliyotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kushoto kama Kenya huwa na mshale unaoelekea kulia kwako ukisimama mbele yake. Isiyo na mshale ni ya kuendesha kulia, na itampiga machoni anayekuja.

Mpya ikikosekana, ifufue. Tumia msasa wa maji, namba 800, kisha 1500, kisha 3000, halafu polishi, na mwisho vanishi mpya ya kukinga jua. Dawa ya meno hung'arisha, lakini bila vanishi jua la Voi litarudisha njano upesi. Kiakisi cha ndani kikibanduka, msasa hausaidii. Na kuchomeka LED kwenye nyumba ya H4 hutawanya mwanga: wewe unaona taa kali, dereva wa lori haoni kitu.

Kwa maoni yangu, Ulaya walifanya vyema kuweka kiwango kwenye balbu, ila waliishia njiani. Ungebaki ukubwa mmoja au miwili ya kioo cha mbele pia, wenye magari ya zamani wasingekuwa wanasugua plastiki.