Ndiyo ya Julai 31: Wazanzibari walivyogombania walichokubaliana

Maalim Seif Sharif Hamad alipoapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Novemba 2010, ofisi yake mpya ilikabidhiwa mazingira, UKIMWI, udhibiti wa dawa za kulevya na masuala ya watu wenye ulemavu. Ni mambo mazito, hakuna anayebisha. Lakini fedha, ardhi, ajira serikalini, vikosi vya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ) na tawala za mikoa vilikuwa mikononi mwa wengine. Siku chache tu nyuma, mtu huyo alikuwa amepata asilimia 49.1 ya kura za urais, na mshindi wake, Dk. Ali Mohamed Shein, asilimia 50.1. Yaliyotokea Zanzibar katika miaka 15 iliyofuata yanaanzia kwenye hesabu hiyo: nusu ya wapiga kura upande huu, nusu upande ule, na makubaliano ya kugawana ambayo kila upande uliyasoma kwa miwani yake.

Makubaliano yenyewe yalipigiwa kura. Jumamosi ya Julai 31, 2010, Wazanzibari waliulizwa kama wanataka, baada ya uchaguzi mkuu wa Oktoba, kuwe na serikali ya umoja wa kitaifa. Waliosema Ndiyo walikuwa 188,705, sawa na asilimia 66.4. Waliosema Hapana walikuwa 95,613. Kwa visiwa ambavyo uchaguzi wa 1995 ulimpa ushindi Dk. Salmin Amour kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8, theluthi mbili zilikuwa ushindi mnono. Hata hivyo theluthi iliyokataa haikuwa ya kupuuzwa. Pemba, ngome ya CUF, chama cha Maalim Seif, ilikubali kwa wingi, kwa hiyo sehemu kubwa ya Hapana ilitoka Unguja, ndani ya CCM, chama kilichokuwa kikitawala na ambacho ndicho kingetakiwa kuutekeleza uamuzi huo.

Wazo la kura hiyo halikutoka kwa CUF. Machi 2008 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilikutana Butiama kuzungumzia muafaka wa tatu, baada ya ule wa 1999 na ule wa 2001 kushindwa kuizuia migogoro ya uchaguzi. Kamati za vyama viwili zilikuwa zimezungumza kwa miezi mingi. Butiama ikasema kabla ya kugawana madaraka wananchi waulizwe kwanza. CUF waliona hiyo ni njia ya kulizika jambo wakati limeshaiva, wakakataa. Miaka miwili baadaye chama hichohicho kilizunguka Unguja na Pemba kikiiombea kura ya Ndiyo. Katika siasa za Zanzibar, silaha aliyoinoa mmoja mara nyingi huishia mkononi mwa mwenzake.

Kilichobadilisha upepo ni mkutano wa Novemba 5, 2009, pale Rais Amani Abeid Karume alipompokea Maalim Seif Ikulu ya Zanzibar. Walikutana wenyewe, bila msuluhishi wa Jumuiya ya Madola wala kamati kubwa za vyama. Siku mbili baadaye Maalim Seif alikwenda viwanja vya Kibanda Maiti kuwaambia wafuasi wake kwamba sasa CUF inamtambua Karume kuwa Rais. Baadhi yao walimzomea. Ukikumbuka Januari 2001, watu waliouawa kwa risasi katika maandamano na mamia kwa mamia waliokimbilia Shimoni nchini Kenya, kuzomewa huko kunaeleweka. Zilikuwa zama ambazo watu wa kijiji kimoja walisusiana harusini na mazikoni kwa sababu ya chama, na kulikuwa na maduka ambayo mtu wa upande wa pili hakununua kitu.

Mwanzoni mwa 2010 Baraza la Wawakilishi lilipitisha hoja ya Abubakar Khamis Bakary, kiongozi wa upinzani, ya kuyaunga mkono maridhiano. Sheria ya kura ya maoni ikatungwa, kura ikapigwa, na Agosti Baraza likapitisha Mabadiliko ya Kumi ya Katiba ya Zanzibar ya 1984. Yalikuwa mabadiliko makubwa kuliko swali lililoulizwa. Katiba ilitamka kwamba Zanzibar ni nchi, jambo lililowakera wengi Dodoma na Dar es Salaam. Ikaweka pia sharti kwamba vifungu vyake vya msingi visiguswe bila kura nyingine ya maoni.

Katika serikali, Waziri Kiongozi aliondoka na wakaja makamu wawili. Wa Kwanza anatoka chama kilichoshika nafasi ya pili, kama kimefikisha asilimia 10 ya kura za urais. Wa Pili anatoka chama cha Rais, naye ndiye kiongozi wa shughuli za serikali katika Baraza. Mawaziri wanagawanywa kwa uwiano wa viti vya majimbo. Viti vya 2010 vilikuwa 28 vya CCM na 22 vya CUF, hivyo CUF walipata wizara zenye uzito: Juma Duni Haji alikwenda Afya, Abubakar Khamis Bakary akachukua Sheria na Katiba, na Nassor Ahmed Mazrui Biashara.

Hapo ndipo ugomvi wa utekelezaji ulipoanzia. Ulikuwa ugomvi wa kimyakimya kwanza, kwa kuwa waliogombana walikuwa wakikaa meza moja ya Baraza la Mapinduzi. Wengi ndani ya CCM waliisoma Ndiyo kama ilivyoandikwa katika Katiba: makamu mmoja, mawaziri kadhaa, basi. CUF waliiona kuwa ahadi ya kubadilisha namna nchi inavyoendeshwa. Wakuu wa mikoa na wa wilaya waliendelea kuteuliwa na Rais bila kugawana na mtu, na masheha kuteuliwa na wakuu wa mikoa. Kwa mgeni sheha ni ofisa mdogo wa shehia. Mzanzibari anajua kwamba sheha ndiye anayesema fulani ni mkaazi au si mkaazi. Bila neno lake hupati kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na bila kitambulisho huandikishwi kupiga kura. Unaweza kuwa na waziri wako katika Baraza la Mapinduzi na jina lako lisiwemo katika daftari.

Kwa maoni yangu, kosa kubwa la 2010 lilikuwa hilo. Watu waliulizwa kama wakubali kugawana serikali baada ya uchaguzi. Hawakuulizwa nani aendeshe uchaguzi wenyewe, na Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, ZEC, ingawa ilikuwa na wajumbe kutoka vyama vyote viwili, mwenyekiti wake alibaki kuwa mteule wa Rais. Mfumo mzima wa umoja ulisimama juu ya matokeo ambayo upande mmoja haukuwahi kuyaamini.

Miaka mitatu ya kwanza ilikuwa mizuri kweli, na wanaoibeza leo wamesahau. Watu walirudi kuzikana. Barazani Darajani na Michenzani mabishano yaliendelea bila mtu kushikwa kwa shati. Wasiwasi ulikuwa mwingine: Baraza la Wawakilishi lilikosa upinzani rasmi, maana vyama vyote vilikuwa serikalini, na kazi ya kuibana serikali ikawaangukia wawakilishi wa viti vya nyuma.

Kilichoanza kuipasua serikali ni mchakato wa Katiba mpya ya Muungano. Msimamo wa CCM ulikuwa serikali mbili. CUF walitaka Zanzibar yenye mamlaka kamili. Mawaziri wa serikali moja walikuwa wakipingana hadharani juu ya suala kubwa kuliko yote. Mansour Yussuf Himid, mwakilishi wa CCM wa Kiembesamaki na mmoja wa wahandisi wa maridhiano, alifukuzwa chamani mwaka 2013. Mzee Hassan Nassor Moyo, mwanamapinduzi wa kizazi cha kwanza na mwenyekiti wa Kamati ya Maridhiano, alifukuzwa 2015. Oktoba 2014 Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, Othman Masoud Othman, alipoteza kazi yake baada ya kuvikataa baadhi ya vifungu katika Bunge Maalumu la Katiba. Wale magazeti yaliowaita wahafidhina walikuwa wamepata nguvu. Hawakuhitaji kuifuta Ndiyo ya 2010. Iliwatosha kuwatoa waliokuwa wakiilinda ndani ya CCM, na waliwatoa mmoja baada ya mwingine.

Oktoba 28, 2015, siku tatu baada ya kura kupigwa, mwenyekiti wa ZEC, Jecha Salim Jecha, alitangaza kupitia televisheni kwamba amefuta uchaguzi wote wa Zanzibar. Alitaja sababu kadhaa, miongoni mwao ugomvi wa wajumbe wa tume uliofikia kutaka kupigana na madai ya kura kuzidi idadi ya walioandikishwa huko Pemba. Maalim Seif alikuwa tayari ametangaza kwamba kwa hesabu za chama chake ameshinda. Yeye na Dk. Shein walikaa vikao Ikulu pamoja na marais wastaafu, bila ya kufika popote. Uchaguzi ulirudiwa Machi 20, 2016, CUF wakasusia, na Dk. Shein akatangazwa mshindi kwa asilimia 91.4.

Sasa Katiba ikagonga ukuta. Aliyeshika nafasi ya pili, Hamad Rashid Mohamed wa ADC, alikuwa na asilimia 3, chini sana ya ile 10 inayotakiwa, na hakukuwa na chama cha upinzani kilichoshinda jimbo. CUF na mawakili wao walisema serikali isiyo na Makamu wa Kwanza si serikali inayotambuliwa na Katiba iliyotokana na kura ya wananchi. CCM wakajibu kwamba Katiba haimlazimishi Rais kumteua mtu asiyekuwepo, na aliyesusia asilaumu mtu. Kisheria hoja ya CCM ilikuwa na mashiko. Kisiasa, theluthi mbili za 2010 zilikuwa zimerudishwa pale Butiama ilipozikuta. Dk. Shein aliwaingiza katika baraza lake Hamad Rashid na viongozi wengine wa vyama vidogo, lakini hakuna aliyeuita huo umoja wa kitaifa kwa moyo mkunjufu.

Agosti mwaka huohuo alifariki Mzee Aboud Jumbe, Rais wa pili wa Zanzibar. Mazikoni Dk. Shein alimnyoshea mkono Maalim Seif, na Maalim akakataa kuupokea, mbele ya kadamnasi. Mwezi uliofuata Rais John Magufuli alikuwa Pemba, akamwambia Dk. Shein hadharani kwamba yeye asingeendelea kumsainia malipo mtu aliyemkatalia mkono. Yaliyotakiwa kuwa ya katiba yalikuwa yamegeuka kuwa ya nani kampa nani mkono.

Maalim Seif alihamia chama cha ACT Wazalendo mwaka 2019. Uchaguzi wa Oktoba 2020 ulimpa Dk. Hussein Ali Mwinyi asilimia 76.27 na yeye 19.87. ACT waliyakataa matokeo, watu walikuwa wameuawa, na viongozi kadhaa wa chama walikamatwa, akiwemo Mazrui. Hata hivyo zile asilimia 19.87 zilikuwa zimevuka sharti la Katiba, na Rais Mwinyi alipotangaza baraza lake aliacha nafasi mbili wazi. Desemba ACT waliamua kuingia. Wengi wa wanachama wao waliudhika kuliko watu wa Kibanda Maiti wa 2009. Maalim aliapa tena, Mazrui akawa Waziri wa Afya, na Februari 17, 2021, Maalim Seif akafariki dunia. Aliyeteuliwa badala yake ni Othman Masoud Othman, yule Mwanasheria Mkuu wa 2014.

Mabishano hayakuondoka na Maalim. Mwaka 2022 ACT walipinga kurejeshwa kwa Thabit Idarous Faina kuwa mkurugenzi wa uchaguzi wa ZEC, nafasi aliyokuwa nayo 2020. Mwanzoni mwa 2024 walitishia kutoka serikalini. Walikuwa na madai ya tume, ya daftari, na ya kura ya mapema, ambayo watumishi wa uchaguzi na wa vyombo vya ulinzi hupiga siku moja kabla ya wananchi wengine, na ambayo ACT wanaiona kuwa mlango wa wizi. Kura hiyo ya mapema ilipigwa tena Oktoba 28, 2025. Miongoni mwa majina yaliyokuwa katika karatasi lilikuwa la Othman Masoud, akigombea urais dhidi ya Rais ambaye yeye alikuwa makamu wake.