Kimbunga cha 1872 na misheni ya Bagamoyo
Dhoruba kali ilipiga Unguja na mrima tarehe 15 Aprili 1872. Huko Bagamoyo, ilibomoa sehemu kubwa ya misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa 1868 chini ya Padre Antoine Horner kuwahifadhi watumwa waliokombolewa. Pigo lilikuwa zito mno: kipindupindu cha 1869 kilikuwa hakijasahaulika. Wamisionari na wanakijiji walijenga upya, safari hii kwa mawe. Nyumba kubwa ya mapadre ilianza kujengwa 1873. Kasi yao inastahili heshima, kwani kufikia Februari 1874 misheni iliweza kuupokea mwili wa mpelelezi Livingstone. Katika dhoruba hiyohiyo, Unguja iliharibikiwa mikarafuu mingi na merikebu za Sultani Barghash zikazama. Pemba, karibu yote, ilinusurika.