Ukubwa wa kielekezi

Ukubwa wa kielekezi ni idadi ya biti ambazo programu ya kompyuta hutumia kutunza anwani moja ya kumbukumbu. Katika kompyuta na simu za leo idadi hiyo kwa kawaida ni 32 au 64. Huwekwa na kiolesura cha kibinari cha programu, yaani makubaliano kati ya kompaila, maktaba na mfumo wa uendeshaji kuhusu namna programu iliyokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine inavyopanga data na kutumia rejista za prosesa. Sehemu mbili za programu zilizojengwa kwa makubaliano tofauti haziwezi kuunganishwa moja kwa moja.

Kikomo cha anwani

Biti 32 hutoa anwani 4,294,967,296. Kila anwani ni ya baiti moja, hivyo programu haiwezi kuona zaidi ya gigabaiti 4 kwa wakati mmoja, hata kama kompyuta ina RAM kubwa zaidi. Mara nyingi hupata pungufu ya hapo. Kwa kawaida Linux ya biti 32 kwenye prosesa za x86 huiachia programu gigabaiti 3 na kubakiza 1 kwa ajili ya kiini cha mfumo. Windows ya biti 32 hugawa 2 kwa 2.

Mwaka 2003 kampuni ya AMD ilitoa prosesa ya Opteron yenye muundo wa x86-64. Vielekezi vyake ni vya biti 64, ingawa anwani zenyewe zilitumia biti 48 tu. Hata hizo zinatosha terabaiti 256.

Gharama ya vielekezi vikubwa

Kielekezi cha biti 64 huchukua baiti 8 badala ya 4. Data yenye vielekezi vingi hunenepa, na sehemu ndogo zaidi ya data hiyo huingia katika kashe, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa.

Mfano unaweza kuchukuliwa kutoka mkoa wa Geita, ambako wilaya ya Bukombe ina makao makuu yake Ushirombo na uchimbaji wa dhahabu ni shughuli kubwa. Wataalamu wa migodi hugawa mwamba katika vipande vya mchemraba ndani ya kompyuta ili kukadiria mbale iko wapi. Tuchukue eneo la kubuni lenye urefu wa mita 4,000, upana wa mita 2,000 na kina cha mita 600. Vipande vya mita 5 kila upande vitakuwa 38,400,000. Kila kipande kikiwa na baiti 40 za vipimo na vielekezi 6 vya kuonyesha majirani zake, hesabu ni hii:

- Vielekezi vya biti 32: baiti 64 kwa kipande, jumla takriban gigabaiti 2.5.
- Vielekezi vya biti 64: baiti 88 kwa kipande, jumla takriban gigabaiti 3.4.

Hapa biti 32 zina faida. Lakini vipande vikipunguzwa hadi mita 2.5, idadi yake huongezeka mara nane na kufikia 307,200,000. Sasa hata vile vya baiti 64 vinahitaji takriban gigabaiti 20, na programu ya biti 32 haiwezi kuvibeba vyote kwa pamoja. Njia ya kati ni kutumia anwani za biti 64 lakini kumtaja jirani kwa namba yake ya orodha yenye biti 32, kwa kuwa namba hizo hazifiki bilioni 4.

Violesura mchanganyiko

Wahandisi wamejaribu kuunganisha faida za pande zote mbili. Kiolesura cha n32 kilitumika kwenye prosesa za MIPS katika kompyuta za Silicon Graphics. Kiolesura cha x32 kiliingizwa katika Linux 3.4 mwezi Mei 2012: programu hutumia rejista 16 za x86-64, lakini vielekezi hubaki vya biti 32. Hata hivyo kilihitaji seti nyingine kamili ya maktaba, na watumiaji wake walikuwa wachache. Desemba 2018 lilitolewa pendekezo la kukiondoa. Saa ya Apple Watch Series 4 ya mwaka 2018 ilifuata njia inayofanana kwa prosesa za ARM. Mashine pepe ya Java hubana vielekezi hadi biti 32 na bado hufikia gigabaiti 32, kwa sababu vitu vyake hupangwa kila baada ya baiti 8.

Simu za mkononi

Android ilianza kukubali biti 64 katika toleo la 5.0 mwaka 2014. Tangu tarehe 1 Agosti 2019 Google Play hudai programu zenye msimbo wa mashine ziwe pia na toleo la biti 64. Hata hivyo simu nyingi za bei nafuu zenye RAM ya gigabaiti 1 zimeuzwa zikiwa na prosesa ya biti 64 lakini mfumo wa biti 32, ili kuokoa kumbukumbu. Simu ya namna hiyo haiwezi kuendesha programu iliyotolewa kwa biti 64 pekee. Hivyo mtengenezaji wa programu anayeacha toleo la biti 32 huwaacha nje wenye simu hizo, na anayelitunza hubeba kazi ya kujenga na kupima matoleo mawili.