Kusafisha picha

Enzi za filamu, kusafisha picha kulikuwa kuitoa kwenye negativu kwa dawa, ndani ya chumba cha giza. Leo, kwenye maduka ya steshenari ya Temeke na Kinondoni, neno hilohilo linatufaa kwa kazi nyingine: kuondoa chembe za vumbi kwenye picha ya zamani iliyoskaniwa. Fundi makini hufuta kwanza kioo cha skana, kisha, picha ikiwa kwenye kompyuta, huzungushia kila chembe mstari peke yake, hulainisha kingo za eneo alilochagua na kuliziba kwa rangi ya jirani. Akisafisha picha nzima kwa mkupuo, hupotea pia nakshi za kanga na mikunjo ya uso wa bibi aliye pichani. Kusafisha ni kuondoa vumbi na kumwacha mtu alivyo.