Upinzani wa Olenguruone
Upinzani wa Olenguruone ulikuwa ukataaji wa wakulima Wakikuyu, katika miaka ya 1940, kutii masharti ya serikali ya kikoloni kwenye makazi ya Olenguruone, nyanda za juu za Mau, leo kaunti ya Nakuru, Kenya. Waliwekwa huko kuanzia 1941, wengi wakiwa wameondolewa Umasaini. Serikali iliwahesabu kuwa wapangaji tu: iliwaamuru walime nini na kwa namna gani, ikawabana hata juu ya urithi wa shamba. Wao walishikilia kwamba ardhi hiyo ni fidia ya ardhi za koo zao zilizochukuliwa Kiambu, hivyo ni mali yao. Hicho ndicho kilikuwa kiini cha mgogoro. Kanuni za kilimo zilikuwa sababu ya juu juu tu. Walikula kiapo cha umoja, wanawake na watoto wakiwemo, jambo lililokuwa geni katika desturi ya viapo vya Wakikuyu. Walipoamriwa kuhama hawakuondoka. Nyumba zilibomolewa, mazao yakaharibiwa, na kufikia 1950 walikuwa wamefukuzwa, baadhi wakapelekwa eneo la Yatta. Mwanahistoria Tabitha Kanogo, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu maskwota (Waafrika walioishi na kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi), anaitaja Olenguruone miongoni mwa mizizi ya Mau Mau, vuguvugu la kupinga ukoloni.